Wafu Kumi na Mmoja Wameniomba Nigombee

Kaeni, wanangu. Nyote kaeni, hata wewe kifungua mimba wangu, acha kuitazama ile saa ya ukutani; najua fomu zinapokelewa mpaka saa kumi alasiri, na sasa ni saa saba na robo, muda wa kumsikiliza baba yako upo. Mama yenu, niongezee mto mgongoni. Hapo, asante. Na wewe kitinda mimba, weka simu yako kwenye stuli hapo karibu na dawa, irekodi, maana nawajua ndugu zako na najijua mimi niliyewazaa: kesho mtu atasimama aseme mzee alikuwa amechanganyikiwa, ile ilikuwa homa inaongea. Homa haiongei. Anayeongea ni diwani wa kata hii kwa mihula saba, miaka thelathini na mitano, na akili ninayo yote. Kilichoniishia ni pumzi.

Fungueni na hilo dirisha la uani. Lifungueni tu, vumbi halitaniua, cha kuniua nimeshakipata. Wale wazee mliowapanga pale kwenye viti vya plastiki nao wasikie, kwa sababu nusu ya nitakayosema inawahusu wao, na nusu nyingine nimewaficha miaka mingi.

Asubuhi, mwanangu mkubwa, ulikuja na miwani yako ukakaa hapo ukingoni mwa kitanda, ukanisomea barua. Ulisoma vizuri, kwa sauti yako ile ya mkandarasi anayesoma zabuni. Sisi wazee wa kata hii, kwa moyo mmoja, tunakuomba kiongozi wetu usituache wakati huu mgumu. Kisha ukasoma majina arobaini, moja baada ya jingine, na mimi nikafumba macho, ukadhani nimeguswa. Nilikuwa nahesabu. Jina la saba ni la mwenye mashine ya kusaga, ambaye tulimzika mwaka juzi. La kumi na mbili ni la mshona viatu, nilimhutubia kaburini nusu saa nzima mvua ikinyesha, mpaka mjane akaanza kunitazama vibaya. La ishirini ni la mkunga aliyekupokea wewe mwenyewe siku unazaliwa, na umelisoma jina lake bila kukwama. Kumi na mmoja, mwanangu. Katika arobaini wanaoniomba nigombee, kumi na mmoja wako makaburini, na mazishi yao wote nilihutubia mimi.

Nimeelewa ilivyokuwa. Mkamwana wangu, huyo aliyesimama mlangoni akitazama kucha zake, alichukua barua ya miaka kumi iliyopita kwenye faili langu, akaichapa upya, akabadilisha tarehe. Sikulaumu, mama, maana hata ile ya miaka kumi iliyopita haikuandikwa na wazee. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye meza ile ya kulia chakula, mama yenu akiniuliza naandika nini na mimi nikimjibu naandika ripoti ya mitaro. Na hao wafu wa asubuhi hii huenda ndio waombaji wa kweli kuliko wote waliowahi kuniomba, ila hawaniombi nigombee. Wananiita niende.

Maji, mwanangu. Kidogo tu. Basi.

Sasa sikilizeni mlichorithi bila kujua mmekirithi. Nilikuwa na miaka thelathini na sita nilipopanda juu ya meza ya muuza nyanya pale sokoni, nikamtukana diwani wa wakati ule mbele ya watu. Mlimsikia akiitwa Mzee Koti, kwa sababu ya koti lake la kijivu alilovaa hata jua likiwaka. Nikasema Mzee Koti amechoka, anasinzia vikaoni, kata inataka damu changa. Nilitunga kaulimbiu, maneno mawili tu, tukayaandika ukutani kwa chokaa: Wazee Wapumzike. Mkubwa mmoja akanionya, kijana, aliye juu mngoje chini; nikamjibu kwamba mimi sina muda wa kungoja, nitamfuata huko huko juu. Watu wakacheka, wakanibeba mabegani. Na nikiwa mabegani kwao nikaapa kwa sauti: mihula miwili tu, wa tatu nikigombea, mnipige mawe. Hakuna aliyerusha jiwe, na ndiyo sababu mimi leo nina kiburi hiki na ninyi mna nyumba hii.

Muhula wa pili ulipokwisha nilikuwa na miaka arobaini na sita, nikaiona arobaini na sita bado ni ujana. Lakini kiapo kilikuwepo, na walionisikia walikuwepo. Ndipo nilipogundua dawa. Mtu akijiomba mwenyewe ni mroho, ila akiombwa na wazee ni mnyenyekevu. Nikamwendea Fundi cherehani, yule pale dirishani, naiona kofia yake, nikamwambia rafiki yangu, kusanya wazee ishirini, mje kwangu Jumapili, mniombe. Nilikodi basi dogo la kuwaleta kutoka ng'ambo ya mto. Nilimwambia Fundi akifika kwenye maneno usituache yatima, koo likwame kidogo, afute jicho kwa leso. Na mimi nikakataa mara ya kwanza, nikakataa mara ya pili, ya tatu nikainamisha kichwa nikasema sauti ya wazee ni sauti ya Mungu. Mama yenu alikuwa jikoni akisikiliza, na usiku ule alikwenda kulala chumba cha watoto.

Fundi, usilie, kaka yangu. Kilio hicho nakijua, nilikufundisha mimi.

Tumekicheza kile kitu mara tano. Viti ni vilevile, maneno ni yaleyale, na kila mara waombaji wanapungua na wenye mikongojo wanaongezeka. Mara ya nne Fundi alilia kabla hatujafika kwenye yatima, tukabaki tunatazamana. Na leo, mimi nikiwa siwezi hata kwenda msalani bila binti yangu kunishika, mmekipanga tena. Mpango wenu naujua kama aliyeutunga: mzee asaini fomu, ugonjwa ufichwe, ashinde akiwa kitandani, na akifumba macho, kaka mkubwa aingie kwa huruma za msiba, kwa jina lilelile. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siwezi kuwakasirikia, mmenitazama mkajifunza vizuri mno.

Ila hapana. Nasema hapana mbele ya mama yenu, mbele ya Fundi, na mbele ya simu hiyo. Sitasaini.

Usinikatize, mwanangu. Najua utakachosema, kwamba wale vijana wa Chaki wataiharibu kata, hawana uzoefu, watatufuta sisi wote kwenye kumbukumbu. Kwa wajukuu wasiomfahamu vizuri, Chaki ni yule mwalimu wa hesabu, binti wa kinyozi, mwenye miaka thelathini na minne, anayezunguka sasa hivi na vijana wake wakipaka ukutani maneno gani? Wazee Wapumzike. Maneno yangu, na chokaa ileile. Mwezi uliopita mlikuja kuniambia kwa hasira kuwa ananitukana, nikageukia ukutani mkadhani naumia. Nilikuwa nacheka.

Kuhusu Chaki nina deni, na si la fedha, na nataka lilipwe leo kabla sijalala. Miaka mitano iliyopita, mkumbuke, aligombea nami kwa mara ya kwanza. Katika kata nzima mashine ya vipaza sauti ilikuwa moja, yangu, ile iliyo stoo na spika zake mbili za bati. Hakuna mkutano, msiba wala harusi iliyofanyika hapa bila kupita mikononi mwangu kwa sababu ya mashine ile. Chaki alikuja hapa barazani, akavua viatu, akanisalimu shikamoo baba, akaniomba aiazime siku tatu. Nikamwambia chukua, mwanangu, hata senti sitaki, siasa si ugomvi. Mkanisifu kwa ukarimu. Watu walinisifu mpaka kanisani na msikitini. Lakini kabla hajaichukua nilikwenda stoo, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa fyuzi, nikaitia mfukoni.

Alisimama uwanjani mbele ya watu zaidi ya mia sita, mashine bubu. Akahutubia kwa koo lake. Siku ya pili akahutubia kwa koo lake. Siku ya tatu sauti ilikuwa imekatika kabisa, akawa anaandika ubaoni na mwanafunzi wake anasoma kwa sauti, ndipo jina la Chaki lilipomganda. Na mimi siku ya nne nikairudisha fyuzi yangu, nikapanda jukwaani, nikauliza umati: asiyeweza kuwasha spika ataweza kuwasha taa za barabarani? Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilimshinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Uchaguzi ulipokwisha nikamwandikia barua ya sifa kwa wakubwa wa elimu, mwalimu hodari kama huyu apewe shule kubwa zaidi, na wakampa, shule ya mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Nilimfukuza kwa kumsifu. Na kila Jumamosi alirudi, akawafundisha watoto wa hapa bure kwenye ua wa baba yake. Wajukuu wangu wawili wamefaulu hesabu kwa sababu yake, na hakuna aliyeniambia, mlidhani nitakasirika.

Ningekasirika. Ngoja nipumue.

Sasa wewe kitinda mimba wangu, njoo karibu, kaa hapa. Mwanangu muuguzi, unayeosha mwili huu kila asubuhi bila kukunja uso. Najua umekuwa ukienda mikutano ya Chaki, najua ni wewe unayemwandikia ratiba, na najua kwamba mwezi uliopita kaka yako alikupiga kofi jikoni kwa sababu hiyo. Nililisikia. Nilikuwa hapa kitandani, nimeamka, nikakaa kimya kama mtu aliyelala. Katika yote niliyoyataja leo, hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kofi lile lilikuwa langu, kaka yako alinisaidia tu mkono. Nakumbuka ulipokuwa na miaka ishirini na tano uliomba nafasi kwenye umoja wa vijana, nikakwambia subiri zamu yako, mwenyekiti wa vijana bado ana nguvu. Mwenyekiti wa vijana ana wajukuu wawili na meno ya bandia. Ukaniuliza, baba, mimi nitakuwa kijana mpaka lini? Nikakujibu kwa methali, penye wazee haliharibiki neno, ukainuka ukaenda kuosha vyombo. Methali ni nzuri, mwanangu, niliyeiharibu ni mimi, nikaifanya kufuli. Mangapi yameharibika katika kata hii, na wazee tulikuwepo, tumekaa mstari wa mbele. Nisamehe. Nasema wazi kila mtu asikie: nisamehe.

Na wewe mkubwa, utamwomba dada yako radhi leo, kabla jua halijazama, na si kwa simu.

Haya, mali. Mali zangu ni chache na hazina fumbo. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku yake. Hakuna wa kumhamisha chumba, hakuna wa kumwambia chumba kidogo kinamtosha. Shamba la ng'ambo ya mto mligawane watatu, sehemu sawa, binti sawa na wanaume, na mkipima msitumie kamba ya mkandarasi peke yake, mwiteni mpimaji. Usinune, nakutania, mwanangu, japo kidogo tu. Vipuri wangu, mwanangu wa kati, mwenye kusema maneno matano kwa mwaka, baiskeli yangu na vifaa vyangu vyote ni vyako, wewe pekee ndiye unayerudisha koleo mahali pake. Lile benchi refu la barazani si letu. Ni la ofisi ya kata, nililileta hapa muhula wa tatu ili watu wenye shida waje kwangu nyumbani waone fadhila ni yangu. Lirudi ofisini kesho.

Lililobaki halishikiki kwa mkono, na ndilo kubwa. Bomba la maji la kata hii lina valvu tatu. Mbili kila fundi wa maji anazijua. Ya tatu, inayofungua maji ya mtaa wa juu, naijua mimi peke yangu, na kila maji yalipokatika mtaa wa juu niliitwa, nikaenda peke yangu alfajiri, na saa moja maji yakatoka, watu wakasema bila mzee tutakufa kiu. Niliyatunza maji yao kama mchawi anavyotunza dawa. Iko chini ya bamba la zege nyuma ya bucha, hatua nne kutoka kwenye mlingoti wa umeme, ufunguo wake umening'inia nyuma ya mlango wa stoo.

Mnajua nani alinionyesha? Mzee Koti. Siku ya tatu baada ya mimi kumtukana na kumshinda, alikuja na koti lake hapa nyumbani, akaniambia vaa viatu, twende. Alinitembeza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, valvu zote tatu, mtaro unaoziba kwanza mvua zikianza, familia mbili zisizotakiwa kukalishwa karibu kikaoni. Nilikuwa nikimcheka moyoni, nikidhani anajipendekeza. Mwishoni akanipa ufunguo wa ofisi, akasema, kata ni ya watu, isikae kiu kwa sababu sisi hatupendani. Kisha akaenda zake kwa miguu. Sikumtembelea tena mpaka nilipoitwa kuhutubia mazishi yake, na hata siku ile nilizungumza juu yangu zaidi kuliko juu yake. Yeye niliyemtukana alinipa yote. Mimi niliyesifiwa miaka thelathini na mitano nimeyakalia.

Basi na sisi tufanye kama yeye, hata kama tumechelewa.

Vipuri, inuka. Kwenye droo ya chini ya kabati langu kuna kopo la kahawa, ndani yake kuna kitambaa kimefungwa fundo. Lete. Hilo hapo. Fungua. Kifyuzi kidogo hicho, kama punje ya mchele, ndicho kilichomnyamazisha mtoto wa watu. Nilikirudisha siku ile nikashinda, na nikakitoa tena juma lililopita nilipoambiwa Chaki anataka kuazima mashine. Ndiyo, juma lililopita, nikiwa na sindano ya dripu mkononi. Nilijikokota mpaka stoo kwa kushika ukuta. La kuvunda halina ubani, wanangu. Hata anayekufa huiba. Kirudishe mahali pake, kisha lete mashine hapa, spika moja iweke dirishani itazame uani, na maiki nipe mimi.

Wakati anafunga nyaya, mama yenu, ile fomu iko kwenye sinia, pamoja na kalamu aliyoiacha mwanao wazi, bila kifuniko, ili nisipate shida. Ichukue. Ichane wewe. Umeingoja siku hii tangu muhula wa pili na hukuwahi kunitia aibu mbele ya watu. Ichane. Tena. Sikujua una nguvu za vidole namna hiyo, mke wangu.

Na wewe mkubwa wangu, usitazame hivyo vipande. Wewe una miaka arobaini na sita, umri uleule nilioanza kudanganya nao. Ukiutaka udiwani, miaka mitano ijayo chukua fomu yako, panda meza yako, uombe kura zako kwa mdomo wako, na ukishindwa urudi nyumbani ule chakula ulale. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Jina langu nilikupa ulitumie kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwenye karatasi ya kura litafute lako.

Inawaka? Moja, mbili. Naam. Naisikia inarudi kutoka ukuta wa jirani.

Wazee wangu wa uani, na mliosimama nje ya geti, na muuza mkaa uliyesimamisha mkokoteni. Ni mimi. Vijana waliokuwa wanakuja kwenye mikutano yangu nilikuwa nawapa dakika tatu, halafu mimi naongea wa mwisho saa nzima. Leo nachukua dakika tatu kama wao. Sigombei. Hakuna wa nyumba hii anayegombea kwa jina langu. Barua mliyoitiwa hapa niliitunga mimi, kwa mara ya kwanza miaka ishirini na mitano iliyopita, na machozi ya Fundi niliyafanyia mazoezi naye, msimcheke, nilimwomba naye alikuwa rafiki. Mwalimu Chaki mashine yake ilipokosa sauti, fyuzi ilikuwa mfukoni mwangu. Barua iliyompeleka shule ya mbali ni yangu. Mkamsikilize. Mkiona hafai mnyimeni kura, mpeni mwingine, lakini kura zenu mpeni mtu atakayekuwepo Januari. Na mkimchagua, mwambieni maneno haya kutoka kwangu, kiti kile kina joto, mtu akikikalia sana anadhani joto ni lake. Akiapa mihula miwili, wa tatu mumrushie jiwe. Dogo. Ninyi wazee wenzangu, msiende kulala. Kila mmoja wenu ana valvu yake anayoijua peke yake. Nendeni mkaionyeshe.

Chukua maiki. Chukua, inaniponyoka.

Maji. Hapana, acha, lowesha midomo tu.

Wanangu, nasema haraka sasa. Mkubwa na mdogo, wewe uliyepiga kofi na wewe uliyepigwa, mtabeba mashine pamoja, leo hii, kabla ya saa kumi, mpeleke kwa baba yake Chaki, mumkabidhi Chaki mwenyewe mkononi, fyuzi ikiwa ndani, muiwashe mbele yake asikie. Kisha mwongozane naye mpaka nyuma ya bucha, mumwonyeshe bamba. Mkubwa, wewe ndiye utakayempa ufunguo. Nakutuma wewe kwa sababu itakuuma, na kwa sababu ukishaahidi kitu unatimiza. Sijawahi kukuona ukiacha jengo nusu. Vipuri, rekebisha ile spika ya pili, inakoroma.

Mazishi. Nilitaka kusahau mazishi. Yasiwe mkutano. Waanze kusema vijana, na dakika zao zisihesabiwe. Wazee watatu, dakika tatu tatu, Fundi awe mmoja wao, aseme lolote alilonalo moyoni bila leso. Mimi nitakuwa wa mwisho kama kawaida yangu, ila siku hiyo sitasema neno.

Sogeeni. Wekeni vichwa hapa, hata wewe mama yenu. Mkamwana, njoo, usibaki mlangoni. Mungu awape sauti zenu wenyewe. Awape watoto wasiowaogopa. Awape kujua siku ya kushuka kabla hamjashushwa... na mpendane, hata... hata bila mimi katikati. Nimewabariki. Nimewasamehe yote, nanyi nisameheni nilichokisema na nilichokisahau.

Ni saa ngapi? Nane na nusu. Mtafika.

Mkubwa wangu... unakumbuka mikutanoni, wewe ndiye uliyekuwa ukishika saa. Kijana akifika dakika ya tatu, unagonga glasi kwa kijiko, anakaa chini hata kama sentensi haijakwisha. Uligonga vizuri, hukumwonea mtu haya. Glasi hiyo hapo. Kijiko cha dawa kiko pembeni yake.

Usilie. Muda wangu umekwisha, mwanangu. Gonga.